Kanuni ya kutaja kadi katika Magic: ni nzuri, ila jina fupi bado linaumiza

Kifungu cha 3.6 cha Kanuni za Mashindano za Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa wachezaji wawili au zaidi, ni kifupi, na wengi hukisoma siku kimekwisha kuwagharimu mchezo. Kinajibu swali moja: kadi inapokutaka uchague jina la kadi nyingine, useme nini ili uhesabiwe umetaja? Jibu lake ni la busara kuliko sifa yake mitaani. Hulazimiki kukariri jina lote. Unatakiwa kutoa maelezo yanayoweza kuangukia kadi moja tu, yawe jina kamili, kipande cha jina, au sifa za kadi yenyewe. Na yeyote mezani anayegundua kwamba maelezo bado yana utata, awe mchezaji au mwamuzi, ni wajibu wake kuuliza.

Tunakipima hapa kama chombo cha kazi, pamoja na vitu kinavyovitegemea: sehemu ya 201 ya Kanuni Kuu, inayoeleza jina la kadi ni kitu gani, na hazina mbili za mtandaoni ambako majina hutafutwa, Gatherer na Scryfall. Vyote ni bure.

Mahali inapofanya kazi

Majina ya utani yanapita. Ukisema "Bob" katika meza ambayo wote wawili wanajua ni Dark Confidant, umetaja. Ukisahau jina kabisa lakini ukaweza kusema "yule saiklopi anayetupa kadi ya ardhi na kupiga pointi 3", umetaja pia, maana kadi ya namna hiyo ni moja. Mchezaji ana haki ya kuomba maandishi rasmi ya kadi yoyote anayoweza kuieleza, na mwamuzi atayaleta kama hali inaruhusu. Maandishi rasmi si yale yaliyochapishwa kwenye kadi iliyo mkononi. Ni yale ya Oracle, kumbukumbu ya Wizards of the Coast, watengenezaji wa mchezo, inayosahihishwa kila mara, na jina linalohesabika ni la Kiingereza hata kama nakala yako imechapishwa kwa Kijapani au Kijerumani.

Hili linawafaa sana wasiozungumza Kiingereza kama lugha ya kwanza. Matamshi mabaya hayamwangushi mtu. Kinachomwangusha ni utata.

Mahali inapouma

Mfano wa kufundishia ni Borborygmos. Kadi ya kwanza ya jina hilo ilitoka mwaka 2006 katika seti ya Guildpact. Mwaka 2013, katika Gatecrash, ikatoka Borborygmos Enraged, na hiyo ndiyo iliyopata nafasi katika deki (fungu la kadi za mchezaji) za ushindani, kwa sababu inageuza kila kadi ya ardhi iliyo mkononi kuwa pointi 3 za madhara. Mwaka 2023 ikaongezeka ya tatu, Borborygmos and Fblthp.

Sasa mtu anaweka Pithing Needle, kadi inayogharimu mana 1 (mana ni nguvu ya kulipia kadi) na inayozuia uwezo wa kulipia gharama, yaani ule mchezaji anaouwasha mwenyewe kwa kulipa, wa kadi iliyotajwa. Anajua mpinzani anatumia Enraged. Anasema "Borborygmos". Kwa masikio ya kawaida amesema jambo moja tu. Lakini hilo ni jina kamili, herufi kwa herufi, la kadi ya 2006, na kadi hiyo haina uwezo wowote wa kulipia gharama. Likisomwa kwa ukali, Needle imezuia hewa.

Hapa ndipo tunapokilaumu kifungu. Utata wa kawaida hujitangaza: ukisema "Teferi" mbele ya deki yenye Teferi, Time Raveler na Teferi, Hero of Dominaria, kila mtu anasikia kwamba jibu halijatimia, na mpinzani anauliza "yupi?". Ukisema "Liliana", "Thalia" au "Jace", hali ni ileile. Jina fupi ambalo pia ni jina kamili la kadi nyingine halitoi mlio wowote. Mpinzani anaweza kudai kwamba hakusikia utata kwa kuwa ulitaja kadi halali. Mwamuzi naye inabidi apime mazingira: nini kimeonekana mezani, nini kimesemwa kabla, wachezaji walielewana vipi. Waamuzi wawili waangalifu wanaweza kutofautiana, na kanuni inayomlazimisha mwamuzi kukisia nia ya mtu ina upungufu hapo.

Kinga yake ni rahisi mno hadi inaudhi: malizia jina. "Enraged" ni neno moja tu la ziada. Kama huwezi kumalizia jina, ongeza sifa: gharama yake, anachofanya, au kidole chako juu ya kadi iliyo mezani. Kuonyesha kwa kidole na kusema "hii" ni maelezo yasiyo na utata hata kidogo, na ajabu ni kwamba watu hawaitumii njia hiyo.

Upande wa pili, mpinzani aliyesikia utata na akanyamaza makusudi ili afaidike hayuko salama. Wajibu wa kuuliza uko kwenye kanuni. Kuvunja kanuni kwa kujua, ili upate faida, kunaingia katika uchunguzi wa udanganyifu, na adhabu ya udanganyifu ni kuondolewa shindanoni.

Kinachoruhusiwa kutajwa

Sehemu ya 201 inafaa kusomwa polepole, maana watu wengi wanajua nusu yake.

Jina lazima liwe la kadi iliyomo katika Oracle. Huwezi kubuni. Hili lina uzito kwa wanaocheza Demonic Consultation pamoja na Thassa's Oracle, jozi inayoshinda deki ikiwa tupu: mbinu yenyewe inataka utaje kadi ambayo haimo katika deki yako ili deki yote iondolewe, lakini kadi hiyo lazima iwepo duniani. Andaa jina moja halisi mapema, la kadi ambayo huna kabisa, na usilibadilishe kila mchezo.

Si lazima kadi iwe halali katika fomati mnayocheza, yaani aina ya mchezo yenye orodha yake ya kadi zinazoruhusiwa. Jambo hili huwashangaza wengi, na ndilo linaloipa mtego wa Borborygmos meno yake: kadi ambayo haichezwi na mtu bado inaweza kutajwa.

Tokeni, yaani kiwakilishi kinachoundwa na kadi nyingine bila kuwa kadi, haitajwi, isipokuwa jina lake liwe pia jina la kadi. Na pale kadi inapotaka aina fulani, mfano "jina la kadi isiyo ardhi", aina hiyo hupimwa kwa Oracle, si kwa hali ya mezani. Ardhi iitwayo Island iliyogeuzwa kifaa kwa uchawi fulani bado si jina la kadi ya kifaa.

Kadi zenye majina mawili ndizo zinazozaa makosa mengi zaidi, kwa hiyo tuzikalie kidogo.

Kadi ya nusu mbili kama Fire // Ice: unachagua jina la nusu moja, si yote mawili. Meddling Mage, kiumbe anayezuia kadi yenye jina lililotajwa isichezwe, akitaja Fire, Ice bado inachezeka. Usiseme "Fire-Ice" ukadhani umefunga milango yote. Mwamuzi atakuuliza ni nusu ipi.

Kadi ya safari, zile zilizoanza na Throne of Eldraine mwaka 2019: Bonecrusher Giant ina jina la pili, Stomp. Inapochezwa kama safari, jina lake kwenye lundo (mahali kadi iliyochezwa husubiri kutekelezwa) ni Stomp peke yake. Ukimtaja jitu, Stomp inapita. Ukitaja Stomp, jitu linapita. Amua ni lipi litakalokuua kwanza.

Kadi ya sura mbili: unaruhusiwa kutaja sura yoyote, lakini kadi iliyo mezani ina jina la sura inayoonekana tu. Pithing Needle iliyotaja Jace, Vryn's Prodigy inamzuia akiwa kiumbe. Akigeuka kuwa Jace, Telepath Unbound, Needle haimgusi tena. Wengi hutaja sura ya mbele kwa mazoea, wakati sura ya nyuma ndiyo inayowatisha.

Kisha kuna kadi zilizochapishwa kwa jina la mapambo. Mwaka 2020 Zilortha, Strength Incarnate ilitoka ikiwa imeandikwa Godzilla, King of the Monsters kwa herufi kubwa, na jina halisi dogo chini yake. Jina la kanuni ni Zilortha. Hali tofauti kidogo ni ya kadi zilizotolewa upya kwa jina jingine kabisa, kama Rick, Steadfast Leader na Greymond, Avacyn's Stalwart: kanuni inayachukua majina hayo kuwa jina moja, kwa hiyo kutaja moja ni kutaja yote mawili.

Wakati wa kutaja

Makosa ya wakati huangusha watu kuliko makosa ya jina, na hapa kanuni imetungwa kwa akili sana.

Cabal Therapy, inayomfanya mpinzani atupe kadi za mkononi zenye jina ulilotaja, inasema uchague jina inapotekelezwa, si unapoicheza. Ukiiweka mezani na papo hapo ukasema jina, umefungwa na jina hilo kama mpinzani hatajibu. Akijibu kwa kucheza kitu, uko huru kubadili. Ubaya ni kwamba umeshampa habari bure: akiwa na Brainstorm, anaificha kadi uliyoitaja juu ya deki yake kabla Therapy haijafika. Njia sahihi ni kuiweka, kuuliza "inapita?", kusubiri jibu, ndipo utaje.

Mtego unamnasa pia anayeulizwa. Mpinzani akiweka kadi ya kutaja nawe ukauliza "unataja nini?", unahesabika umeiruhusu ipite. Huna tena nafasi ya kujibu. Ukitaka kujibu, jibu kwanza, uulize baadaye.

Kwa Pithing Needle mambo ni makali zaidi. Jina huchaguliwa inapoingia mezani, na kati ya kutaja na kuanza kuzuia hakuna upenyo. Mwenye Polluted Delta, ardhi inayovunjwa ili kutafuta ardhi nyingine, anayetaka kuitumia lazima afanye hivyo Needle ikiwa bado kwenye lundo. Akisubiri asikie jina ndipo avunje ardhi yake, amechelewa.

Kumbuka pia Needle haigusi uwezo wa kuzalisha mana, ilhali Phyrexian Revoker inaugusa. Revoker nayo haiwezi kutaja ardhi. Kwa hiyo dhidi ya Urza's Saga, ardhi inayopitia sura tatu kama za kitabu, ni Needle inayofaa: ardhi itaendelea kutoa mana, lakini haitaunda tokeni. Sura yake ya tatu itaendelea kutafuta kifaa, kwa kuwa inajiwasha yenyewe. Tena Needle hufika kila mahali kadi ilipo, hata mkononi na makaburini, hivyo uwezo wa kujitupa kutoka mkononi ili uvute kadi nyingine umo ndani ya kizuizi.

Na mtu akisahau kutaja kabisa? Hutokea zaidi ya unavyodhani: Needle imewekwa, mazungumzo yamehama, zamu mbili zimepita. Hili ni kosa la kanuni za mchezo, lenye onyo, na tiba yake iko wazi katika mwongozo wa makosa: aliyepaswa kuchagua anachagua sasa jina halali, mchezo unaendelea. Tiba hiyohiyo hutumika kwa aliyetaja jina lisiloruhusiwa, mfano la tokeni. Haitumiki kwa aliyetaja jina halali lakini bovu. Huyo amefanya uamuzi mbaya wa mchezo, na mwamuzi hamsaidii, hata kama anamwonea huruma.

Jina lililotajwa ni habari ya wazi kwa wote wawili muda wote kadi iko mezani. Likiulizwa, lazima lijibiwe kwa ukweli. Liandike kwenye kikaratasi, ulaze juu ya kadi. Ubishi wa "ulisema hii, hapana nilisema ile" ni mgumu kuamuliwa kuliko kosa lolote lililotajwa hapo juu.

Orodha ya deki: kanuni nyingine, masharti mengine

Wachezaji huchanganya kutaja mezani na kuandika orodha. Katika orodha, jina la mhusika wa hadithi lililofupishwa linakubalika ikiwa ndiyo kadi pekee ya mhusika huyo katika fomati, hata kama kadi nyingine huanza na jina hilohilo. Yaani orodha inatazama fomati, wakati kutaja mezani kunatazama kadi zote. Huu ni mkanganyiko usio wa lazima. Kama kifungu cha 3.6 kingeazima sentensi hiyo ya orodha, nusu ya malalamiko yangekwisha. Hadi hapo, andika jina kamili hata kwenye orodha: kosa la orodha katika ngazi ya ushindani ni kupoteza mchezo mmoja, ingawa mwamuzi mkuu anaweza kuliachilia kama kilichoandikwa kinaeleweka bila shaka.

Mchezo wa kadi wa Pokémon umelikata tatizo hili kwenye mzizi. Kwa kuwa Pokémon wawili wenye jina moja wanaweza kuwa na mashambulizi tofauti kabisa, orodha inadai alama ya seti na namba ya kadi.

Yu-Gi-Oh! kwa kulinganisha

Katika mchezo huo mwingine wa kadi, saa ya kutaja iko upande wa pili. Kilichoandikwa kabla ya nukta mkato hufanyika kadi inapowashwa, kwa hiyo jina la Mind Crush, inayomtupisha mpinzani kadi uliyotaja kama anayo mkononi, hutajwa mwanzoni, na mpinzani anajibu akiwa ameshalisikia jina. Ukikosea, adhabu iko kwenye kadi yenyewe: unatupa kadi moja ya mkononi mwako kwa bahati nasibu. Mchezaji wa Magic anayehamia huko hujikuta akisubiri wakati ambao umeshapita.

Utata wao uko katika majina yanayobadilika. Blue-Eyes Alternative White Dragon huchukua jina la Blue-Eyes White Dragon ikiwa uwanjani au makaburini, lakini mkononi ni yeye mwenyewe. Mind Crush inatazama mkono, kwa hiyo lazima useme "Alternative". Ndiyo sababu kadi kama Crossout Designator huandikwa "jina la asili": maneno hayo yanakata mjadala. Kwa usahihi wa maandishi, Yu-Gi-Oh! wako mbele. Kwa kumsamehe mtu aliyesahau jina, Magic wako mbele, na kwetu hilo lina uzito zaidi.

Gatherer na Scryfall

Gatherer ni hazina rasmi ya Wizards. Scryfall si rasmi, lakini kwa kazi hii ndiyo tunayoipendekeza wakati wa maandalizi, kwa sababu moja: utafutaji wake hukuonyesha hatari kabla haijakufika. Andika `borborygmos` na utaona ndugu wote wa jina hilo kwa pamoja. Andika `!"Borborygmos"`, kwa alama ya mshangao mbele, na utapata ile moja yenye jina hilo kamili. Kama jaribio la pili linaleta kadi tofauti na uliyokusudia, umegundua mtego. Fanya hivyo kwa kila kadi ya deki kubwa za fomati yako unayotarajia kuitaja. Kuongeza `f:modern` (Modern ni moja ya fomati) kunapunguza orodha, lakini kwa kazi hii usiongeze: utajificha kadi zilezile zinazoweza kukuumiza.

Kuchuja kwa maandishi kunasaidia pia. `o:"choose a card name"` na `o:"choose any card name"` huleta kadi za kutaja zenye maneno hayo, upate kujua ipi inakuonyesha mkono wa mpinzani kwanza, kama Sorcerous Spyglass ya mwaka 2017, na ipi inakutaka ukisie. Rudia na `o:"nonland card name"`, maana zenye sharti hilo hazitatokea katika utafutaji huo.

Simu isikae mkononi katikati ya mchezo. Kuangalia maandishi ya Oracle kunaruhusiwa wakati wowote, lakini hadharani na bila habari nyingine za mbinu. Kufungua tovuti kama Gatherer yenye mabaki kidogo ya habari za namna hiyo ni ruhusa ya ngazi ya kawaida tu. Katika ngazi ya ushindani, au unapotaka kusoma faraghani, inua mkono uite mwamuzi, ondoka naye hatua mbili kutoka mezani, eleza kadi kwa sauti ya chini, soma maandishi, kisha rudi utaje jina lote hadi neno la mwisho.